Kijiko cha Nne

Saa sita ya usiku, na jua liko macho,
limeegemea mlima kama mgeni asiyejua kuaga.
Lugha yangu huhesabu saa tangu machweo;
huku Kaskazini ya Norwei, Juni nzima, machweo hayaji.
Ragnfrid haulizi saa. Anauliza maji.

Mlango huu wa bahari ni mwembamba,
mita mia na hamsini, mawe huku, mawe kule,
na ghuba nzima lazima ipite hapo:
iingie, itoke, iingie,
ikinguruma, ikijikunja, ikijichimba mashimo usoni.
Kisha hunyamaza. Dakika kumi. Siku nyingine saba.
Hizo ndizo anazozijia.

Amestaafu kukata tiketi za feri
na bado hufika kabla ya wakati.
Hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hutafuna mkate
na jibini ya kahawia, hawatazami watalii
wanaoyalisha mawe vyambo vya bati,
krona mia mbili, kimoja baada ya kingine.
"Subirini," aliwaambia. Mara moja tu.

Maji yanalegea.
Mwani uliolala kifudifudi unasimama wima
na Ragnfrid anasimama nao.
Anarusha. Chubwi linashuka, anahesabu kwa midomo,
kumi na nane, kumi na tisa,
linagusa. Anainua ufito, anaushusha. Tena.
Mara ya nne kitu kinakataa.

Si mwamba. Mwamba hautikisi kichwa.

Ni chewa mnene, mwenye udevu mmoja kidevuni.
Anamchinja papo hapo, damu imwagike, nyama ibaki nyeupe,
ndipo anapoona, pembeni mwa mdomo,
ndoana isiyo yake,
na juu ya ndoana kipande cha fedha kilichotobolewa.

Kijiko.
Mpini umekatwa, lakini ukingoni pana kibonyeo:
jino la Torleif, umri miaka minne,
asubuhi alipoyakataa mafuta ya ini la chewa
na mama akambana pua.

Vijiko vilikuwa sita. Baada ya mazishi
waligawana vitatu, vitatu.
Kibanda cha mashua hakikugawanyika.
Mwaka wa kumi na mmoja huu hawajasalimiana.
Wasemao damu ni nzito kuliko maji
hawajayaona maji haya.

Kwa hiyo vyake amevigeuza chambo!
Anataka kukasirika. Anakitazama tena:
kimesuguliwa, kimeng'arishwa, tundu limetobolewa katikati kabisa,
kazi ya mtu aliyekaa nacho jioni nyingi.

Ng'ambo, kofia nyekundu. Daima huvulia ng'ambo.
Maji yametulia kiasi kwamba
mtu angeita jina, likafika.
Ragnfrid anafungua mdomo.
Kinachotoka ni mvuke.

Basi anainua kijiko. Jua linakipata,
na cheche ndogo inavuka bila kupitia darajani.
Kofia nyekundu inageuka.
Mkono unapanda:
labda salamu, labda mbu.

Halafu mwani unaanza kulala, upande wa pili,
na mngurumo unarudi kutoka mbali,
ukifunga kila neno ambalo halijasemwa.
Mtalii mmoja anapiga kelele, amenasa mwamba tena.

Yatatulia saa kumi na mbili na robo asubuhi.
Ragnfrid anapasua tumbo la samaki,
analitoa ini, nono, la rangi ya maziwa,
analitia peke yake katika kopo la kahawa,
na kijiko juu yake.
Kwa daraja, hadi ng'ambo, ni dakika ishirini.
Hajasema ataenda.
Ameiambia ndoo tu, akiinama kuibeba,
kwamba ini halikai.