Daftari la Makoti

Uenyekiti wangu ni funguo tatu:
wa chumba cha chini kanisani, Mtaa wa Sargent,
wa gari la Wenifredo lisilo na hita,
na wa kabati la makoti.

Sikugombea. Siku ya uchaguzi nilikuwa jikoni
nikigeuza tambi zisishike sufuria.
Nikatoka na mwiko mkononi, wakapiga makofi.
Miaka tisa sasa. Mwiko sijauweka chini.

Sisi ni wahitimu wa shule moja ya Pangasinan,
mabati, uwanja wa tope, kengele ya rimu ya lori.
Huku Winnipeg tuko sitini na wawili
na kila mwezi ndege hutumwagia wengine:
wauguzi watakaoanza kwa kudeki wodi,
wake waliofuata waume,
waume waliofuata wake na hawapendi kulisema.
Nawatambua kabla hawajaniona.
Mlango ukifunguka huvuta pumzi, wakakohoa,
kana kwamba hewa imewazaba kofi.
Nawavika kwanza. Maswali baadaye.
Kisha naandika.

Koti la kijani, nambari saba. Jovelyn Ancheta.
Limerudi Machi; mfukoni, pipi ya tangawizi.
Nambari saba. Rizaldo, mchomeleaji vyuma.
Limerudi; mfukoni, barua ya benki inayokataa kwa adabu.
Nambari kumi na moja. Editha. Halijarudi.
Editha mwenyewe tulimchangia nauli ya jeneza,
na koti nikamwachia,
ingawa alikokwenda ni joto.

Mume wangu huuliza: wanakulipa nini?
Namwambia nyamaza, simu inalia.
Saa nane usiku: Ate, bomba limeganda.
Saa tisa: Ate, mwajiri amenifichia pasipoti.
Alfajiri: Ate, samahani, theluji inaliwa?

Januari hii, kwenye ngazi ya umeme,
ukashuka mkoba wa ngozi. Niliujua kabla ya uso.
Mwalimu Buenaflor. Hesabu, kidato cha pili.
Aliyenisimamisha ubaoni mpaka chaki ikalowa jasho.
Amekuja kulea wajukuu; binti yake hufanya zamu za usiku.

Kamati ikakaa. Katiba yasema koti ni la mhitimu.
Huyu hakuhitimu, akasema mweka hazina, alifundisha tu.
Chai ikapoa tukibishana.
Bwana Obille akataka kura, na kura ya siri, tena.
Nikasema: ndugu zangu, sisi pale tulikaa miaka minne minne,
yeye thelathini na sita.
Nani kati yetu hajamaliza?
Nikafungua kabati bila kungoja jibu.

Mikono ya koti ilimzidi vidole.
Akaomba daftari atie sahihi. Akavaa miwani.
Hakutia sahihi. Alisoma,
safu kwa safu, kidole kikishuka kama zamani,
na mimi, bibi wa wajukuu wawili,
nikaficha mikono nyuma.
Akatoa kalamu nyekundu
(nani huvuka bahari nzima na kalamu nyekundu?)
akaizungushia duara jumla ya Novemba.

Dalmacia, akasema. Hapa hukubeba moja.

Nikatazama. Kweli. Dola kumi,
glavu za mtu fulani ambaye sasa ana vidole vya baridi.
Miaka tisa nabeba, nabeba,
nikasahau moja.
Nilitaka kucheka, machozi yakatangulia,
naye akadhani ni kwa sababu ya hesabu:
Usilie, mtoto. Hii inasahihishika.

Simu ikalia. Ndege ya saa tano, watu wanne,
mmoja ana mtoto mchanga.
Nikatafuta funguo. Zilikuwa mkononi.
Yeye alikwishavuta kiti mpaka chini ya taa,
koti hajalivua, kofia ya sufi mpaka nyusini.

Nenda, akasema bila kuinua kichwa.
Oktoba nayo siiamini.