Upupu wa Jumatano

Leo Masoko wamechinja ng'ombe watatu
kumzika mtu aliyeandika, mwaka ule wa njaa:
"Huku kwetu maiti ndiye hulisha walio hai."
Waliompopoa mawe Kabwe
wanagombea mchuzi chini ya turubai.
Mvua ya Tukuyu haikungoja amina.
Angecheka. Kisha angeomba karatasi.

Asangalwisye Mwakifuna, mwana wa mpiga tarumbeta wa Moraviani,
alifundisha hesabu darasa la tano
hadi alipopiga hesabu ya magunia
yaliyolimwa na watoto, yakaliwa na mwalimu mkuu.
Akafukuzwa, chaki ingali mfukoni.
Akaja kwetu Sisimba, kwenye mtambo uliokohoa mafuta,
akasema: nipeni safu moja, upana wa vidole vitatu.
Akaiita Upupu.

Miaka ishirini na miwili iliwasha.
Askofu alijikuna. Mkuu wa wilaya alijikuna.
Wanaume wa Uyole walijikuna hadi damu alipouliza,
ng'ombe kumi za mahari zinamnunua nani,
binti au usingizi wa baba yake.
Waliomchukia walilipa sawa na waliompenda,
na ndio waliomsoma mpaka nukta ya mwisho
kabla gazeti halijafungia maandazi Mwanjelwa.

Mimi Subilaga nilikuwa mpanga herufi.
Herufi zetu zilikuwa za risasi. Ndiyo, risasi:
Kiswahili hakikuona haja ya maneno mawili.
Nilizipanga kinyumenyume, moja moja,
mwandiko wake mbele yangu
umeinama kama mgomba uliozaa.
Na Kiswahili kinakula a
kama kuku kwenye mtama; ukigeuka, kisanduku kitupu.
Desturi yangu: a zikiisha, naweka i,
nikizipata, nabadilisha.

Julai. Baridi ya Loleza imeshuka hadi kwenye kucha.
Aliandika: *Silwamba wa ushirika ameuza mbolea ya Mbozi.*
Nikaweka i.
Mtu akaja mbio, mwanao ana degedege.
Mhariri wa kupitia alikuwa msibani.

Asubuhi likatoka: Silwimba.

Silwimba alikuwa mtunza ghala.
Alikuwa na funguo, mke na baiskeli.
Vwawa walimvunjia madirisha,
mke akarudi kwao Ileje,
baiskeli sijui.
Silwamba akamnunulia mwandishi soda, hadharani.

Tukamwambia Mwakifuna: omba radhi.
"Upupu ukishapeperuka haurudi kwenye ganda."
Mji mzima ukasema, kiburi.
Hakimu akasema kiburi, kwa maneno marefu zaidi,
na migomba ya baba yake ikauzwa kulipa fidia.
Mswada alikuwa nao, wenye a safi,
mviringo kama yai.
Hakuutoa mahakamani. Hakuutoa popote.
Kwangu aliendelea na lake: umeamkaje, Subilaga?

Mwezi wa tisa aliniwekea mezani kopo la kahawa, zito.
Ndani, a. A tupu, mamia,
kutoka mtambo mkongwe wa misheni.
Hakusema neno, akaenda kuwasha wengine.

Alinificha mimi,
au alificha kwamba Upupu nao hukosea?
Nimelitikisa kopo lile miaka kumi na tisa.
Linalia tu.

Na leo, nje ya uzio wa mianzi,
mzee kasimama na kofia mkononi,
nyama amekataa, chai amekataa.
Namjua kwa picha ya mahakamani.
Nimevuka matope, viatu vimebaki nyuma.
"Wewe ni nani wa marehemu?"
Jibu nimelibeba mwaka hadi mwaka,
sasa limenikwama kooni kama mwiba wa perege.
Nimefungua kiganja.
Ameiokota a, akaisogeza kwenye jicho lililo zima.
"Mbona imegeuka?"
Ndivyo inavyokuwa, baba,
kabla haijachapwa.