Uzi Mmoja Mmoja

Saa nane za usiku, ghorofa ya tano, Annelinn,
upande wa Tartu usiolala mapema.
Tarmo ameketi sakafuni kati ya milango miwili
na vipimajoto viwili:
kimoja cha kwapani,
kimoja kimeng'ang'ania kioo cha tangi.

Nje theluji imeyameza magari hata rangi hazijulikani.
Maarja yuko zamu, anapanga mikate ya moto kwenye kreti.
Ameandikiwa ujumbe mmoja tu:
"Tuko salama. Leelo amelala."
Nusu yake ni kweli.

Leelo ana thelathini na tisa na nne.
Tangi, ishirini na saba kasoro.
Huyu ashuke, wale wapande.

Jumatatu yule mwenye mapezi marefu
alianza kujikuna kwenye jiwe.
Jumanne akaamka na chembe nyeupe mkiani,
ungedhani kanyunyiziwa chumvi.
Jana chumvi ikawa imewafikia wote.
Dawa yake ni joto:
kwenye nyuzi thelathini kidudu hakizai,
kinajifia bila mrithi.
Lakini joto lenye adabu.
Uzi mmoja, ungoje.
Uzi mwingine, ungoje tena.
Salme, mama mkwe, fundi wa glavu za sufu,
angelielewa jambo hili bila kuelezwa:
ukivuta kwa pupa uzi unakatika,
na kazi ya mwezi mzima inafumuka mapajani.

Na maji yakipata joto hupungukiwa pumzi,
kwa hiyo pampu imesogezwa juu,
inatoa mapovu usiku kucha,
mchemko usio na moto.

Hita ni mpya, ina karatasi ya dhamana kwa lugha tisa.
Tarmo haiamini hata kwa moja.
Ile ya zamani ilinata swichi, mwaka juzi, mkesha wa Krismasi,
taa yake nyekundu ikakataa kuzima,
nao wako Viljandi mezani kwa Salme
wanakula soseji za damu na kabichi.
Waliporudi walipokewa na kioo chenye jasho.
Leelo, miaka minne, fahari ya kujua tarakimu,
akasoma kwa sauti: tatu, saba.
"Wazima, Baba! Daktari alisema thelathini na saba ni mzima."
Tarmo akachukua wavu
akamtuma chumbani amtafute mbwa wake wa kitambaa.
Hakumsahihisha siku ile,
wala siku yoyote baada yake.

Saa tisa. Kitambaa cha maji vuguvugu kwenye kipaji,
si baridi, muuguzi wa simu alikariri, si baridi.
Dawa ya stroberi, mililita saba na nusu;
nyingine imenywewa na mto.
Kisha tangini: anazungusha kichwa cha hita
upana wa ukucha.

Saa kumi mikono imekwisha changanyikiwa.
Anatumbukiza kidole majini akitafuta homa,
anagusa shingo ya mwanawe
akitafuta ishirini na nane.

Karibu na alfajiri shingo hiyo inalowa.
Thelathini na nane na moja.
"Nataka kuwaona."
Anambeba na blanketi lake, na mbwa wake,
wanakaa mbele ya kioo, taa imezimwa,
mapezi yanapita kama mapazia ya nyumba ya mtu.

"Wamefika ngapi?"
"Ishirini na nane na nusu."
"Na mimi?"
"Thelathini na nane."
Anahesabu kwa vidole, anapotea, anaanza upya.
"Wao wanapanda, mimi nashuka.
Tutakutana wapi?"

Chini, gari la kuzoa theluji linapita,
taa yake ya chungwa inazunguka darini mara moja, mara mbili.
"Popote," anasema Tarmo,
"ila si kwenye thelathini na saba."
"Kwa nini?"

Pampu inakoroma.
"Unazikumbuka zile soseji za Viljandi?" anaanza,
halafu ananyamaza,
kama mtu anayengoja maji yazoee.