Kidato cha Tatu

Mwaka wa nne Houston, naigawa mitaa kwa pembetatu,
kila moja na kina chake, kasi yake, deni lake.
Profesa Lindqvist huniuliza neno moja tu: "Imetulia?"
Haijatulia. Namba hupanda kama maziwa jikoni,
ukigeuza shingo tu, zimefurika.

Jumanne usiku mvua ikaja yenyewe,
haikuniomba milinganyo.
Bi Ofelia wa chini akapandisha kwangu
kuku wawili, redio, picha ya marehemu.
"Si wewe unayesomea mafuriko? Yatafika wapi?"
Nikafungua kompyuta.
"Kidato cha pili cha ngazi."
Akaniamini. Cherehani yake ya mkono
akaiacha kidato cha tatu.

Alfajiri nilishuka, suruali nimeikunja.
Cherehani imelowa hadi sindano.
Mimi, msomi wa uzamivu,
nimezama kidato cha tatu.

Kwenye tasnifu kosa hili ni herufi ya Kigiriki,
dogo, lenye kofia.
Hapa lina gurudumu,
lina uzi mwekundu bado umetungwa.

Nalipaka mafuta, jino baada ya jino.
Bi Ofelia anakaanga mayai.
Haniulizi kitu.