Kabla Haijazima

Bytom, ghorofa ya tatu, Novemba, saa saba usiku.
Nje theluji ya kwanza inajaribu na kuacha,
inajaribu na kuacha.
Ndani, skrini inazima.

Haiagi. Haitoi maandishi ya buluu wala mlio.
Katikati ya daraja, upanga juu,
Dawid ananiambia sikioni, "Kushoto, Jagna, kusho—"
kisha giza, na uso wangu kwenye kioo,
mdomo wazi.

Mara ya kwanza nililaumu vumbi.
Nikafungua ubavu kwa bisibisi ya miwani,
nikapangusa feni kwa brashi ya rangi,
zikatoka nywele za paka aliyekufa mwaka juzi.
Mara ya pili nililaumu joto.
Nikapaka dawa ya kijivu juu ya prosesa,
tone dogo, punje ya mtama,
nikasoma nyuzi: sitini na mbili. Homa haina.
Mara ya tatu nikachomoa kumbukumbu,
kijiti kimoja, nikarudisha, nikachomoa cha pili.
Mara ya nne sikulaumu kitu. Nililia kidogo, nikala biskuti.
Ya tano hadi ya tisa sizikumbuki vizuri.

Fundi wa karibu na stesheni alitaka zloti mia mbili
kwa kuitazama tu.
Kuitazama naitazama mwenyewe, bure.

Babu Gerard akaingia na ndara zake za manyoya.
Miaka thelathini na moja fundi umeme wa mgodi,
huko chini ambako nyumba zetu sasa zinazama taratibu;
ufa wa ukuta wa jikoni ameuwekea alama za penseli, na tarehe.
Hajui gemu. Huziita "vita vyako".
Hakuuliza mashine ni ya aina gani.
Aliuliza, "Kabla haijazima, ilikuwa inafanya nini?"

Nikafikiri. Si inapoanza.
Si ninapoandika insha, hapo hata siku nzima haichoki.
Ni pale joka linapofumbua kinywa
na moto kujaza skrini, kila cheche na kivuli chake.

"Basi si joto," akasema. "Hiyo ina njaa."

Akanieleza pampu tatu, nzima zote, kila moja peke yake.
Siku zilipoamka pamoja
taa za handaki zikazima,
na wanaume arobaini wakasimama kimya
wakisikiliza maji.

Akapeleka kiganja nyuma, penye kisanduku cha umeme
nilichonunua gulioni kwa bei ya viatu vya mtoto.
Wati mia sita na hamsini, lebo inasema.
Akakichomoa, akakipima kwa mkono kama mnunuzi wa kabichi.
"Chepesi. Lebo hii kaiandika mtu mwenye matumaini."

Jumamosi tukaazima kingine kwa mama yake Dawid,
kizito kama tofali.
Tukakifunga. Joka likafumbua kinywa,
likafumbua tena,
moto, daraja, moto,
na chumba kikabaki na mwanga.
Nikageuka kumwonyesha.

Babu alikuwa chini, kando ya kabati,
mkono ukutani, mweupe kama chaki.
"Nimeteleza," akasema.
Sakafu yangu ni zulia.

Nikakumbuka ngazi, Alhamisi,
viazi vimetawanyika mpaka ghorofa ya kwanza, naye anacheka.
Nikakumbuka sahani yake inavyorudi jikoni
supu imeganda utando, eti ameshiba.

"Jagna? Umezimika tena?"
Nikavua vipokea sauti.
Nikapiga magoti palepale,
penye skrubu mbili zilizokosa tundu,
nikamshika kifundo cha mkono, nikahesabu,
nikapotea, nikaanza upya.

"Babu. Kabla hujaanguka, ulikuwa unafanya nini?"

Akataka kucheka. Akaiona bisibisi mkononi mwangu.
"Nilikuwa nasimama," akasema.
"Kusimama tu."

Nyuma yetu mashine inanguruma, imeshiba.