Pipa

Aliposema "pipa" nikamwonyesha uani,
penye pipa la maji ya mvua,
la buluu, mfuniko umekandamizwa kwa jiwe.
Akacheka hadi akaketi juu ya gunia la maranda.
"Si lile. Hili," akasema, akafungua sanduku,
na chombo kikaingia ngeli yetu bila kupiga hodi.

Lan Yuezhen, karani wa mizigo kule Miritini,
Kiswahili chake cha stesheni: tani, muhuri, subiri.
Jasho la Mombasa limelegeza gundi;
tumbo limeachana na mgongo
kama ndoa ya miezi mitatu.

Nikalilaza pale marehemu baba alipolaza kila udi,
meza ile ile, Mkanyageni, taa ile ile inayokonyeza.

Mgongo wa udi wetu ni vipande,
kumi na tisa, vimepindwa kwa moto
vikashikana kama watu wa mlango mmoja.
Hili mgongo wake ni gogo zima,
limechimbwa kama hori. Zito. Bubu.
Uso tu ndio mwepesi, mti laini
ukiubonyeza kwa ukucha unakumbuka.
Shingoni ngazi sita nene,
kisha nyembamba, za mianzi, zinateremka kifuani.
Moja haipo.
Nikaichonga kutoka pazia la mama
(bado hajajua).

Gundi ikikauka, Lan akanieleza, mikono mingi kuliko maneno:
*pi*, mkono ukienda,
*pa*, mkono ukirudi.
Zamani lilipigwa juu ya farasi,
likilazwa ubavu, kwa kijiti,
na watu waliokuja kutoka pande za Uajemi.
Hapo nikainua kichwa.
Baba alikuwa akisema
babu wa udi naye alizaliwa huko huko.
Basi ndugu wawili: mmoja akafuata ngamia
kunakochomoza jua,
mwingine akashuka Arabuni, akaja kutuchezeshea harusi.
Wachina wao wakamsimamisha wima,
wakamnyang'anya kijiti, wakampa kucha tano.
Na hariri ya nyuzi wakaibadili chuma,
juzi tu, Lan anasema, bibi yake akiwa msichana,
na bibi hakuwasamehe.

Kabla sijalifunika niliona maandishi ndani,
wino uliofifia, karibu na kijiti cha kati.
Lan akasoma polepole:
*Nimelifungua mwaka wa mafuriko. Ubao ni ule ule. Fundi Gao.*
Hakuna aliyesema kitu.
Alipotoka kununua maji
nikachukua penseli, nikaandika chini yake
kwa herufi za Kiarabu, kama alivyonifunza baba:
*Limefunguliwa Mombasa. Mwanakheri binti Shekuwe.
Gundi ni ya ng'ombe. Mwanzi si wa kwao, niwieni radhi.*
Nikafunika. Nikabana. Nikangoja siku mbili.

Alipolipiga, limesimama pajani,
kucha za bandia zimefungwa kwa plasta,
mama akauliza kutoka chumba cha ndani:
"Nani anakaanga bisi?"

Lan akalipa, akarudi kwenye tani zake.
Uzi wa tatu ulikuwa bado unalegea; nilimwambia.

Mama naye ametangaza mtaa mzima
kwamba bintiye sasa anatengeneza mapipa.
Jana kijana wa nyuma ameniletea lao, linavuja kitako.
Nimelitia lami.
Lakini kwanza nililigonga, nikasikiliza.