Mizani ya Kyimo

Chesco ameniandikia usiku kutoka Iringa,
kwa herufi ndogo tupu, kama kawaida yake:
dada anyitike, nimefuta mistari mia nne na kumi na mbili.
ni ya mizani zile za zamani. nani bado anazo?
tuijengee hazina yake pembeni. shina lipumue.

Nani bado anazo.
Niko Uyole, chumba cha nyuma ya duka la pembejeo,
mvua inapiga bati hadi siisikii feni ya kompyuta,
na huyo nani ninamjua kwa jina.
Ni Subilaga wa kituo cha chai, Kyimo,
mwenye mizani ya waya mnene,
sindano tisa, moja imepinda,
mizani inayoandika koma mahali pa nukta,
inayoutaja mwaka kwa tarakimu mbili tu
kama mtu anayemwita mwenzake kwa jina la utotoni.

Msimbo wake ni mbaya, sikatai.
Niliuandika mwenyewe, nina homa.
Kuna mahali unangoja nusu sekunde bila sababu.
Sababu ipo: mizani ile huvuta pumzi kwanza.

Pembeni, anasema.
Pembeni napafahamu.
Mama hakuwahi kupeleka mbegu ghalani.
Mahindi ya kupanda aliyaning'iniza jikoni, juu ya mafiga,
yakawa meusi kwa masizi,
yakitugonga kichwani kila tulipoinuka na chungu.
Mwaka mmoja baba alichoka kugongwa.
Nusu akayapa ghala, mlango, kufuli, heshima zote.
Novemba tulifungua tukakuta unga
na fukusi wakitutazama kama wageni wasiobisha hodi.

Nikamjibu: rudisha.
Siku tatu kimya.

Ijumaa akabadili namna ya kusoma tarehe,
kazi safi, ya kujivunia kweli,
na kwenye majaribio ukawaka mstari mmoja mwekundu:
mizani ya kyimo, mwaka haukueleweka.
Jaribio hilo lingekaa kule pembeni, nani angelisikia?
Subilaga. Jumatatu. Na foleni nyuma yake,
na majani yakinyauka ndani ya magunia,
na mtu akiuliza kilo zake zimekwenda wapi.

Chesco alirekebisha. Mistari miwili.
Maelezo aliyoyaambatanisha yalikuwa ya Kihehe,
nami sikutafuta wa kunitafsiria.

Subilaga hajui lolote kati ya haya.
Jumatatu saa moja asubuhi, ukungu haujapanda,
aliweka gunia la kwanza,
akasubiri, mkono kiunoni,
mizani ikavuta pumzi
ikasema 17,4.

Ile nusu sekunde
Chesco hakuigusa.